Mwanga Uliotangulia Joto

Batsinda, Kigali
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naiona barua hii ikikukuta barazani, umenyoosha miguu juani, maana najua saa anayorudi Koku kutoka shuleni ndiyo saa unayopenda kusomewa. Koku mwanangu, shangazi yako anakusalimu. Soma polepole, na bibi akitaka urudie mahali, rudia bila kununa. Huko mbele kuna maneno ya sayansi. Usiyaruke kwa kuwa yamekushinda, yasome hivyo hivyo. Hata mimi yalinishinda mara ya kwanza.

Magoti yanaendeleaje, Mama? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea kaka Deo, unaipaka, au umeipandisha juu ya kabati ikakae na zile nyingine? Na migomba ya upande wa bondeni, mnyauko umeiacha? Kaka alisema umeng'oa mashina mengi. Niliumia kusikia, kwa sababu yale mashina tuliyapanda pamoja, mimi nikiwa nimeshika ndoo na wewe ukiniambia nisimwage maji yote kwenye shimo moja.

Sisi huku hatujambo. Keza amenipita urefu. Viatu vya shule vimembana tena, na akicheka, jambo ambalo kwa muda mrefu lilikuwa adimu, anafunga jicho moja kama baba yake. Mimi bado nakaanga chapati kwenye ule mgahawa wa Gisimenti. Mwenye mgahawa ni mtu mwema, hanisemeshi sana asubuhi.

Sasa nije kwenye swali lako. Kaka Deo aliniambia kwenye simu kwamba ameshaongea na mwenye lori, na kwamba mwisho wa mwezi ujao atakuja nalo hadi hapa Batsinda, apakie vyombo vyangu vyote, mimi na Keza turudi Muleba moja kwa moja. Alisema ndivyo unavyotaka wewe, maana aliyenileta huku hayupo tena. Nikasema nitafikiri. Halafu ukachukua simu wewe mwenyewe, ukalia, nami nikalia, na salio likatuishia tukiwa tunalia. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia. Kwenye barua mtu akilia, hakuna kinachokatika.

Jibu ninalo. Ila limepitia mahali ambapo sikutarajia, kwa hiyo nivumilie nianze mbali kidogo.

Wewe hukuweza kuja kwenye mazishi ya mume wangu Anselmi kwa sababu ya miguu, na kaka Deo aliondoka mapema, hakuona matanga yalivyokwisha. Huku matanga wanayaita ikiriyo. Unawashwa moto uani kwa marehemu, na majirani wanakuja kuuzunguka kila jioni. Wengine wanaimba, wengine wanakaa tu. Sikuwahi kujua nina majirani wengi kiasi kile. Wapo waliokuja na chupa za chai, wapo waliokuja na kuni begani, yupo mzee mmoja ambaye hadi leo sijui jina lake, alikuja kila jioni na kiti chake na kuondoka nacho. Siku ya kumaliza, mkubwa wa ukoo wa Anselmi alisimama, akasema maneno ya kushukuru, akasema kwamba waliobaki lazima waishi, na moto ukazimwa. Ndiyo desturi. Kuanzia hapo kila mtu anarudi kwenye kazi zake.

Ila kabla hawajaumwagia maji, mimi nilichota makaa kwa koleo, nikayatia kwenye imbabura, lile jiko letu la mkaa, nikalipeleka nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeniuliza. Walidhani nakwenda kupika.

Nikakaa na moto ule. Kila jioni niliufunika kwa majivu, na kila alfajiri niliamka kuufukua, nikakuta jicho jekundu linanitazama, nikaongeza mkaa. Sikutumia kiberiti hata siku moja. Nikiwa Gisimenti na chapati zangu, nilikuwa naliwaza lile jiko kama mtu anavyomwaza mtoto aliyemwacha na homa. Ule moto uliwashwa Anselmi akiwa bado ndani ya nyumba, Mama. Ulimwona akitoka. Sikuwa na kitu kingine ndani ya nyumba ambacho kilikuwa bado na joto la siku zile.

Na halafu, jikoni ndipo mahali nilipokuwa nikimsikiliza. Wewe ulimjua kama mkwe, mtu wa kunyamaza na kukubali kila kitu. Jikoni alikuwa mwingine. Akirudi kutoka shuleni Ndera, alikofundisha na anakosoma Keza, alikuwa anavuta kigoda, anachukua maharage kwenye ungo ayachambue, na mdomo wake haufungi. Aliyachambua vibaya. Mawe aliyaacha, maharage mazuri aliyatupa, kwa sababu akili ilikuwa mbinguni. Mwaka huu kichwa chake kilijaa jambo moja tu, ambalo alitaka kulionyesha na wanafunzi wake siku ya wazazi: jinsi mwanga ulivyobadilisha joto la gesi ulimwengu ulipokuwa mchanga.

Nilimuuliza, "Gesi gani, ya mtungi?"

Alicheka hadi ungo ukamponyoka. Koku, mwambie bibi si gesi ya mtungi. Ni kama hewa, lakini nyepesi kuliko hewa, ndiyo iliyokuwepo kabla ya nyota, kabla ya mawe, kabla ya maji.

Alinieleza hivi. "Mwanzoni, mke wangu, mwanga na gesi walikaa chumba kimoja. Gesi ilikuwa ya moto sana, imevunjika vipande vipande, na vile vidogo kabisa tunaviita elektroni. Mwanga ukitaka kutoka, unagonga elektroni, unarudi. Unakwenda huku, unagonga nyingine. Kwa hiyo joto lao lilikuwa moja. Huwezi kusema hili la mwanga, hili la gesi." Chumba, alisema, kikaendelea kutanuka, na kwa kutanuka kikapoa. Kilipopoa vya kutosha, vipande vya gesi vikashikana vikawa atomu, na mwanga ukapata njia. Ukaondoka. Haukurudi tena kuwa pamoja na gesi kama zamani.

Nikamwambia, basi gesi ikapoa siku hiyo hiyo. Akasema hapana, na hapo ndipo alipopapenda. Kuna elektroni chache zilibaki peke yao, hazikupata wa kushikana nao, na mwanga ulipokuwa ukipita uliendelea kuzigonga hizo chache, nazo zikaendelea kuipa gesi yote joto la mwanga. Kwa muda mrefu sana gesi haikujua kwamba imeachwa. Baadaye nafasi ikawa kubwa mno, migongano ikawa haitoshi, na gesi ikaanza kupoa haraka, ikawa baridi kuliko hata ule mwanga wenyewe uliokuwa unazeeka. Na pote giza, hakuna nyota.

"Halafu?" nikamuuliza.

Akasema hapo ndipo alipofika na wanafunzi, nyota zitawashwa wiki ijayo. Wiki hiyo ijayo presha ikamchukua akiwa chumba cha walimu, kikombe chake cha chai kikiwa hata hakijanywewa.

Kwa hiyo hadithi ilibaki kwangu pale kwenye giza. Najua ni jambo dogo. Lakini usiku ukiwa mrefu mtu hushika mambo madogo.

Kuna jirani yangu wa ukuta mmoja anaitwa Mama Kadogo, anauza parachichi na nyanya mbele ya nyumba yake. Kiswahili chake ni cha hapa Kigali, kinakwenda kwa mguu wake chenyewe, nami nakipenda. Siku moja alikuja kuomba moto, akatazama imbabura, akanitazama mimi. Akaniuliza, "Mama Keza, hii moto ni ile ya ikiriyo?" Nikainama kuchochea mkaa. Akasema kwao makaa ya ikiriyo hayaingii jikoni, ingawa hata yeye hakuwa na hakika kama hiyo ni desturi ya Wanyarwanda wote au ni ya bibi yake tu. Hakuchukua moto. Jioni akaniletea sahani ya maharage na dodo, ule mchicha wa huku, akaketi mlangoni hadi nikamaliza kula, akaondoka na sahani yake.

Akawa anakuja hivyo mara kwa mara. Na sasa nitakwambia jambo ambalo lilinitia aibu, Mama. Siku alizokuja Mama Kadogo ndizo nilizoumia zaidi. Asipokuja, nilikuwa sawa, kama jiwe lilivyo sawa. Akija na sahani yake, akikaa pale mlangoni akitafuta mawe kwenye maharage yangu, akiondoka nilikuwa natetemeka kwa kilio. Nilianza kufunga mlango mapema ili adhani nimelala. Nilijiambia huyu mama ananirudisha nyuma. Nilijiambia afadhali niende mbali, mahali ambapo hakuna anayejua nilivyokuwa kabla.

Keza naye alikuwa hasemi. Anasoma, anakula, anaosha sahani yake. Niliona amepoa vizuri, nikashukuru. Siku moja narudi kutoka kazini, nakuta jiko limejaa maji meusi, na mwanangu amesimama karibu, jagi mkononi.

"Nimeuzima," akasema.

Sikumpiga, Mama, wala sikumfokea. Nilikaa kwenye kigoda nikaangalia majivu yakielea. Yeye akaingia ndani. Tangu siku ile tukawa tunapishana kwenye nyumba ile ndogo kama wapangaji wawili. Nami nikasema moyoni, sasa basi. Ndiyo wiki kaka Deo alipopiga simu. Mdomoni nilisema nitafikiri, lakini mikono yangu ilishakubali. Nilishusha mapazia. Nilianza kupanga vitu kwenye maboksi, na boksi la kwanza likawa la Anselmi: vitabu, redio, viatu, na lile koti lake jeupe la maabara. Unakumbuka nilivyokuandikia zamani kwamba limechanika kiwiko nami sina uzi mweupe? Nililitia kiraka kwa uzi wa rangi ya maziwa, akaenda nalo shuleni akiwaambia walimu wenzake kwamba hiyo ni ramani ya Karagwe alikokulia.

Siku chache baadaye akaja mwalimu mwenzake, Mwalimu Viateri. Ni mtu mzima aliyesoma Kongo, Kiswahili chake ni cha Goma na Kifaransa kinachungulia. Alivua kofia, akakataa kuketi. Akaniambia, "Madamu, ile kazi ya Anselmi watoto wameimaliza. Tunataka Keza ndiye aseme mbele ya wazazi. Amekataa. Anasema munahama." Nikamwambia ni kweli tunahama. Akazungusha kofia mikononi. Halafu akasema, basi walau mimi nije nisikilize, kwa sababu Anselmi alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba kila somo alilijaribu kwanza jikoni kwa mke wake, na lile ambalo mke wake hakulielewa alilirudia kuliandaa.

Hilo sikulijua. Miaka yote ile nilidhani ananipigia soga.

Usiku ule nilimwambia Keza kwamba mimi nitakwenda, yeye afanye atakavyo. Asubuhi ya siku ya wazazi nikaona sare yake imepigwa pasi.

Nilikwenda Ndera na Mama Kadogo. Sikumwalika, alinikuta kituoni amejifunga kitenge chake kizuri, akasema naye ana haki ya kuona watoto wa wenzake. Darasa lilikuwa limetiwa giza kwa mablanketi madirishani. Wazazi tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti mdomoni. Kwenye ukuta wa mbele wametandaza shuka jeupe. Wanafunzi wawili watatu wakasema vipande vyao, ile sehemu ya chumba kimoja na elektroni chache, nikawa naijua yote. Nilitaka kuwamalizia maneno.

Kisha Keza akasimama. Mama, mwanangu ana sauti. Alisema Kinyarwanda, na kila baada ya maneno machache akayarudia kwa Kiswahili, hakuna aliyemwomba, na Kiswahili hicho akikisema alikuwa ananitazama mimi.

Kulikuwa na mzee mmoja mzazi nyuma yetu, mwenye koti kubwa, aliyenyoosha mkono akauliza ni nani huyo aliyeingia kule mwanzo na kuweka kipimajoto kwapani mwa gesi. Darasa zima likacheka. Keza akacheka pia, jicho moja likafumba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akamjibu kwa heshima kwamba gesi ile ina sauti yake, mawimbi ya redio dhaifu sana, na wapo watu wanaokwenda majangwani, mbali na redio zetu na simu zetu, kuitegea kwa antena. Kutoka kwenye sauti hiyo mtu anaweza kujua ilikuwa na joto kiasi gani. Ila hawajakubaliana. Wapo waliosema wameisikia, na wapo waliosema kilichosikika ni kelele za chombo chao wenyewe. Mzee akasema basi nao wana mkutano wa baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, kama sisi, kila mtu amesikia lake. Tukacheka tena.

Keza akangoja tunyamaze. Akaendelea.

Alisema katika ule muda wa giza, hata mtu angekuwa na antena nzuri kiasi gani, kuna kipindi asingeiona gesi kabisa. Ilikuwepo pote, na ilikuwa baridi sana, lakini sauti yake ilikuwa imelingana na ule mwanga wa zamani uliokuwa ukipita. Ilikuwa kama inajibu kwa sauti ya yule aliyeondoka. Kwa hiyo haikuweza kutofautishwa. Akasema, tazameni hapa ukutani, mnaona nini? Tukasema shuka. Akasema, tazameni vizuri. Shuka tu.

Halafu mwenzake akawasha tochi kutoka pembeni, na pale kwenye shuka jeupe kikatokea kivuli cha mkunjo, kisha mkono, kisha kola. Lilikuwa koti jeupe limening'inizwa juu ya shuka jeupe. Lilikuwa hapo muda wote tuliokuwa tukicheka. Nikaona kiwiko. Nikaona uzi wa rangi ya maziwa.

Keza akasema, "Nyota za kwanza zilipowaka, mwanga wao haukuipasha gesi joto mara moja. Kwanza uliionyesha tu kwamba ina baridi."

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, Mama, kwa sababu nimeyasema mwenyewe mara nyingi tangu siku ile, nikisukuma chapati. Alieleza kwamba mwanga ule mpya uligusa atomu za gesi, ukazifanya ziache kujibu kwa sauti ya mwanga wa zamani na kusema joto lao wenyewe. Na joto lao wenyewe lilikuwa baridi. Joto lilikuja baadaye. Nyota nyingine zilipokufa, mabaki yao yakatoa miale mikali inayosafiri mbali sana, na hiyo ndiyo iliyoanza kuipasha gesi, pole pole, kutoka ndani. Alisema pia kwamba mambo mengi hapo bado yanachunguzwa. Baba yake asingekubali aache kusema hivyo.

Mimi sikusikia vizuri ule mwisho. Nilikuwa nimeinama juu ya dawati la mtoto wa watu, nalia bila sauti, nikisikia mgongo wote unatetemeka. Mama Kadogo akafungua kitenge chake cha juu, kile kizuri, akanizungushia mabegani mbele ya wazazi wote. Akaniambia sikioni, "Wewe iko na baridi, Mama Keza. Tangu zamani mimi naona. Ni wewe ulikuwa haujui."

Hapo nikaelewa kwa nini sahani zake ziliniliza. Hakuwa ananirudisha nyuma. Alikuwa ananiwashia tochi kutoka pembeni, na mimi kwa kile nilichokiona nikamchukia yeye.

Jioni tulishuka kwa miguu kuelekea kituoni, Mama Kadogo ametangulia makusudi, mimi na Keza nyuma. Koti, ambalo alilitoa kwenye boksi bila kuniambia, alikuwa amelikunja kwapani. Nilimuuliza kwa nini aliuzima ule moto. Tukapita kwanza zile nyumba mpya za matofali.

"Ulikuwa unaamka alfajiri kuangalia kama moto umelala salama," akasema. "Mimi nilikuwa macho kila siku. Hukuja kwangu."

Nilisimama njiani. Nilitaka kumwambia nilidhani amepoa vizuri, nikaona maneno hayo yana ubaya gani. Nilimshika tu. Ana mabega ya mtu mzima siku hizi, ilibidi ainame. Baadaye nikamuuliza kama anataka twende Muleba. Akasema anataka kumwona bibi, anataka senene za bibi, hataki kuhama.

Tulipofika nyumbani nilinunua kiberiti kwa Mama Kadogo. Alinicheka, akasema ni miaka gani imepita hajaniuzia kiberiti. Nikatoa majivu yote ya zamani, nikaosha imbabura, nikaianika. Keza akapasua vijiti. Mkaa ulikuwa na unyevu, ukagoma, moshi ukatutoa machozi ya kawaida, akachukua mfuniko wa sufuria akapepea hadi mkono ukamchoka, nami nikampokea. Haukuwa moto wa maana. Ulichemsha chai tu. Tuliinywa tumekaa, yeye kwenye kigoda cha baba yake, mimi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanieleza tena zile elektroni, nikamwambia ile sehemu naijua.

Kwa hiyo, Mama, jibu langu ni hili. Mwambie kaka Deo asije na lori. Amwombe radhi mwenye lori kwa niaba yangu.

Usidhani nimepata joto. Sijapata. Bado nachemsha maji ya kuoga ya watu watatu halafu nabaki nayaangalia yale ya ziada. Bado nasikia kikohozi chake getini. Ila sasa najua nina baridi, na walionionyesha wako huku: mwanangu, na mwanamke anayeuza parachichi. Nikija kwako sasa hivi na maboksi, nitakaa barazani kwako nikiwa sawa kama jiwe, nawe utashukuru ukidhani nimepoa vizuri. Nakujua. Na hilo nimelirithi kwako. Baba alipofariki ulipalilia shamba lote, sisi tukasema mama ana nguvu. Sikuwahi kukuuliza. Sasa nakuuliza.

Mapazia nimerudisha. Koti limetundikwa nyuma ya mlango, siyo kwenye boksi tena.

Na lori lisipokuja, kaka Deo aje na wewe. Najua hujawahi kuvuka mpaka, na najua utasema miguu. Mtavukia Rusumo, mabasi yanasimama sana, mtajinyoosha njiani. Njoo msimu wa senene, uje nazo. Anselmi alikuwa anazila na mabawa yake, kwa uvivu wa kunyonyoa, nawe ulimvumilia miaka yote kwa kuwa ni mkwe. Njoo umwone alipolala, maana hukumuaga. Si mbali na barabara. Tutakwenda mimi na wewe, pole pole, na tutakaa huko kadiri utakavyo.

Nisalimie kaka Deo, na mkewe aliyenishonea gauni la msiba akakesha. Nisalimie mjomba anayeuza kahawa, mwambie redio aliyompa Anselmi bado inasema. Nisalimie yule mama mkwe wa kaka anayekuchukulia maji, Mungu amlipe. Baba padri wa kigango mwambie misa aliyotusomea tumeipokea. Keza anakusalimu, amesema niandike kwamba sasa ni mrefu kuliko mlango wa jiko lako.

Koku, asante mwanangu, umesoma vizuri. Usimwache bibi akunje barua haraka. Mngoje. Akisema jambo, liandike kwa maneno yake hivyo hivyo, usilinyooshe, uniletee.

Mama, maji ya kukanda magoti yako nitayachemsha kwenye moto huu mpya.

Ni mimi mwanao, mke wa Anselmi,
Mama Keza